Spika ya Kushoto Kule Nyamwaga

Vijana wa ufundi mliobaki pale sokoni Tarime ndio mlionisukuma. Mlisema, "Fundi Wambura, usiondoke na mambo yote kichwani." Sasa nimekaa na kalamu na sijui kama haya ni maandishi au ni porojo. Mimi niliishia darasa la saba, na hata huko sikuwa wa mbele. Nitaandika kama ninavyoongea nikiwa na bisibisi mkononi. Nikikosea, mwenye kujua vizuri anisahihishe, sitakasirika.

Nilipata nini na nilijenga nini siandiki. Anayetaka kujua aje aangalie bati la nyumba yangu, litamweleza lenyewe.

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa chombo. Aliyenifundisha ni Mzee Salehe, mtu wa Tanga aliyekuja huku kwetu kijana akazeekea hapa, kibanda chake kilikuwa nyuma ya wauza viatu. Nilimwamkia nikiwa nimeshika daftari, maana nilidhani nitaandika.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unajua kusikiliza?"

"Najua."

"Kila mmoja husema hivyo. Kaa pale."

Pale palikuwa na redio kubwa ya spika mbili, haijashika stesheni, inatoa ule mvumo tu, shaaa. Akaniacha nayo. Alitengeneza pasi ya mtu, akaenda kuswali, akarudi, akaniuliza nimesikia nini. Nikasema sijasikia kitu, ni kelele. Akasema basi bado sijaanza kazi. Jua lilipokuwa linaelekea kuzama ndipo niligundua mvumo wa kulia ni mzito kuliko wa kushoto, na ukisogeza kichwa unahama. Nilipomwambia hakunisifu. Alisema tu, "Kesho uje."

Yale aliyonifundisha ni mengi, lakini matatu nayaandika kwa sababu nitayahitaji mbele.

La kwanza ni taa ya kuuliza. Jina hilo ni lake. Unachukua balbu ya zamani, ile ya waya inayochoma, unaiunga njiani kati ya umeme na mashine. Mashine iliyokaa miaka bila kuwashwa usiichomeke ukutani moja kwa moja, iulize kwanza. Balbu ikiwaka kali na kubaki kali, mashine ina ugonjwa ndani. Ikiwaka kisha ikafifia taratibu kama mtu anayesinzia, endelea.

La pili ni betri ya tochi. Unagusisha betri kwenye waya mbili za spika. Ukiweka sawasawa, karatasi ya spika inatoka nje. Ukigeuza, inaingia ndani. Spika mbili za mziki mmoja, yaani mashine nzima na spika zake, lazima zitoke pamoja na ziingie pamoja. Moja ikisukuma wakati mwenzake anavuta, sauti haina mahali pa kukaa. Inatangatanga chumbani.

La tatu alinionyesha kwa mchezo. Mziki wa zamani ulikuwa unasoma taarifa ya habari. Akachomoa waya ukutani, akanyanyua kidole. Msomaji akaendelea kusoma. Maneno mawili, matatu, kisha sauti ikazama kama mtu anayeshuka kisimani.

"Imekufa?" nikauliza.

"Sasa ndiyo imekufa. Ungeshika ndani kabla, ungekufa wewe."

Ni kapasita. Zile kopo kubwa ndani ya mashine zinashika umeme, zinautoa polepole hata waya ukiwa umechomolewa. Sababu yake naijua. Naandika hivyo mapema ili baadaye msiseme Wambura ni mshirikina.

Kazi yetu hii ina vitisho vyake vidogo, na vingi vina majibu. Kule Kisaka niliitwa kanisani kwa sababu vipaza sauti viliongea katikati ya maombi. Mchungaji alikuwa amefumba macho, mara spika ikasema kwa Kiswahili cha Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Sirari, "Sema boss, uko wapi saa hii?" Waumini wakaitikia amina. Ulikuwa waya wa maiki uliokatika kile kisitiri chake cha nje, ukawa unadaka mawimbi ya watu. Niliutengeneza. Wapo waliosikitika kidogo.

Kisha zikaja simu. Watu walifunika miziki yao kwa vitambaa, wengine wakafugia kuku ndani ya spika. Baadaye wakaanza kurudi mmoja mmoja. Wana nyimbo zote ndani ya simu, lakini simu inalia kama mbu, na moyoni wanakumbuka mziki wa baba ulivyokuwa unatikisa vikombe. Wakataka simu iimbe kwa kifua cha mziki wa zamani. Miaka yangu ya mwisho karibu yote ilikuwa kazi hiyo.

Sikilizeni basi. Tumieni waya wenye jeki ndogo upande mmoja na pini mbili upande wa pili. Simu isiyo na tundu, wekeni kile kidude cha blututhi. Msichomeke penye mlango wa santuri, mlango ule unakuza mno, utaharibu wimbo na mtamsingizia mwenye mashine. Tumieni mlango wa kaseti. Ongezeni sauti kwenye simu karibu mpaka mwisho, ndipo mpunguze kwenye mziki. Na mkitumia waya, zimeni mtandao wa simu. Msipozima, spika italia dr-dr-dr, dr-dr-dr, kisha ndipo simu iite. Spika inajua kuna mtu anakutafuta kabla simu yenyewe haijasema. Mteja mmoja wa Kenyamonta alinirudishia kila kitu kwa sababu hiyo. Alisema hataki nyumbani kwake kitu kinachojua habari kabla yake. Nilimweleza. Alinisikiliza kwa adabu, akaondoka.

Sasa naingia kwenye kazi ambayo ndiyo imenifanya nishike kalamu. Sina uhakika kama naisimulia sawasawa. Nitajitahidi kumpa kila mtu haki yake.

Alikuja kibandani mwanamke kijana, jina lake Robi, kutoka Nyamwaga, mtoto mgongoni na mwingine anamshika sketi. Akaniamkia, akakaa, akatoa simu.

"Fundi, nataka usikilize. Halafu uniambie kama ni simu imeharibika au ni sisi."

Kabla hajaiwasha alinieleza yeye ni nani. Kuna mama mzee anaitwa Ghati, mjane wa Mzee Chacha. Ghati hakujaliwa mtoto wa kiume. Kwa hiyo alifanya kama mila yetu Wakurya inavyoruhusu, alioa mke kwa ng'ombe, ndiyo nyumba ntobhu. Huyo mke ndiye Robi. Watoto anaozaa ni wa nyumba ya Ghati, wanaitwa kwa jina la marehemu Chacha, na nyumba inasimama. Ng'ombe wa kumleta Robi alikuwa amewatoa Chacha mwenyewe kabla hajafa, mbele ya watu, na maneno yake siku ile yalirekodiwa kwenye kaseti.

Wengi waliokuwepo wamekufa au wamezeeka wakachanganya mambo. Mdogo wake marehemu, Mzee Magige, anasema hakuna kitu kama hicho. Anasema ng'ombe wale walikuwa wa ukoo na yeye hakuulizwa, kwa hiyo Robi na watoto wahamie kwake, na nyumba ya Ghati ifungwe.

"Anataka kuwatesa?" nikauliza.

"Hapana," Robi akasema, na alisema kwa haki. "Atatulisha. Si mtu mbaya. Lakini mama atabaki peke yake kwenye ule mji, na watoto hawatakuwa wake tena."

Kaseti ilipelekwa duka moja ikahamishiwa kwenye simu. Ilipofika mwisho redio ya dukani ikaitafuna, utepe ukakatika vipande. Imebaki ya simu tu. Wakaipeleka kwenye kikao cha ukoo, wakaiweka mezani, wakaiwasha. Robi akaniwashia na mimi.

Nilisikia mbuzi. Nikasikia mtoto akilia mbali, kengele za ng'ombe, mtu akikohoa pembeni. Halafu kimya kirefu. Halafu watu wengi wakaitikia pamoja, "Eee!" Kimya tena. Wakacheka, kicheko cha watu walioambiwa jambo la kuchekesha na mtu wanayempenda. Kimya. "Eee!" Mzee mmoja akasema kwa Kikurya, "Umesema vema, tata," yaani baba. Hakuna aliyesema kitu. Uwanja mzima ulikuwa unamjibu mtu ambaye hayupo.

"Pale penye kimya," Robi akasema, "ndipo anapoongea. Mama anakumbuka. Wengine wote wamo. Yeye hayumo."

"Kikao walisemaje?"

"Mzee Magige alilia. Alisema kaka yake amelirudisha neno lake, amekwenda nalo. Wazee wakaogopa. Wakasema tukutane mara moja tu tena, kisha nihame."

Ningekuwa fundi mzuri kama mnavyodhani, ningechukua ile ya masikioni pale pale nikasikiliza sikio moja moja. Jibu ningelipata. Sikufanya. Nikisema ukweli, sikutaka kukiweka kitu kile ndani ya masikio yangu.

"Unataka nini kwangu?"

"Mama anasema baba hajui simu. Hajawahi kuongea na simu. Ana mziki wake ndani, aliuleta kutoka Kenya alipokuwa anafanya kazi hotelini. Anasema mziki ule ukipona, na simu ikaunganishwa, ataongea kwenye kitu chake mwenyewe."

Nilikubali. Sikuamini, ila nilikubali, maana mtoto yule wa sketini alikuwa ananiangalia mdomoni nikijibu.

Nyamwaga nilifika asubuhi. Mji wa Bibi Ghati, yaani boma lake, umezungukwa na migomba, na ni kimya kuliko miji mingine, au ndivyo nilivyouona kwa sababu ya kile nilichokuwa nimesikia. Mziki ulikuwa chumba cha mbele, umefunikwa ngozi ya ng'ombe. Ampilifaya ya uso wa fedha, santuri juu yake, na spika mbili za mbao zinazonifika kiunoni. Katikati ya spika palikuwa na kiti kimoja cha magogo, kitupu, kimeangalia mlangoni.

"Kiti kisihamishwe," Bibi Ghati akasema. Ni mwanamke mwembamba, mgongo umenyooka. "Na mashine haitoki nje ya nyumba."

"Sawa mama. Nitaitengenezea hapa."

"Na kabla hujashika, mwambie."

"Nimwambie nani?"

Akanitazama kama ninavyowatazama ninyi mnapouliza waya upi ni wa moto. "Mwenye nayo. Utamshikiaje mtu vitu vyake bila kusema?"

Basi, nilisema. Nilijisikia mjinga. "Mzee Chacha, nafungua skurubu za juu." Nikafungua. Ndani palikuwa na nyumba za nyigu na harufu ya vumbi lililopikwa. "Mzee Chacha, nasafisha volyumu kwa spiriti." "Mzee Chacha, nabadilisha fyuzi." Baada ya muda nikazoea, ikawa kama kuongea na mwenzako wa kazi asiyependa maneno mengi. Mara moja nilisahau nikaingiza koleo bila kusema, likateleza likanikata kidole. Nilikuwa na haraka na koleo lilikuwa na grisi. Naandika yote mawili.

Niliiuliza kwa taa. Balbu ikawaka kali chumba kizima kikawa cha njano, nikadhani imekufa. Kisha ikaanza kufifia, taratibu, mpaka wekundu tu. Ilikuwa nzima. Spika nikazipima kwa betri, zote zikatoka pamoja, zikaingia pamoja. Nikaunga waya zake vizuri, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Sikuijaribu na simu siku ile. Bibi alikataa.

"Akiongea, aongee wote wakiwepo. Asije akasema mara moja akachoka."

Kikao kilikuwa saa sita mchana, jua limesimama. Wazee waliingia wakakaa kwenye mabenchi, mgongo kwa mlango, uso kwa spika na kile kiti. Mzee Magige alikaa mbele. Mtu mkubwa, mpole, amevaa koti la msibani. Aliniamkia kwa heshima kabla mimi sijamwamkia, jambo ambalo halikunipendeza kwa sababu nilikuwa nimeshachagua kumchukia.

Nilizima mtandao wa simu. Nikachomeka mlango wa kaseti. Nikawasha.

Mbuzi walikuwa kushoto, mtoto analia kulia, kengele za ng'ombe pembeni kabisa karibu na dirisha, hata mtu mmoja akachungulia nje. Kisha mahali pale pa kimya pakafika.

Mtu akaongea.

Haikutoka kwenye spika. Sijui niandikeje. Ilitoka nyuma yetu. Wazee wote waligeuka, benchi zima, wakatazama mlango ulio wazi na migomba na jua. Hapakuwa na mtu. Sauti nyembamba, kama ya mtu anayeongea akiwa ameegemea ukuta wa nje, maneno hayakamatiki. Ukigeuza kichwa, nayo inahama, inakuja nyuma ya kichwa chako tena.

"Yuko nyuma yetu," mzee mmoja akanong'ona.

"Hataki kuingia," mwingine akasema.

Robi alikuwa amewabana watoto kwenye kanga yake. Mzee Magige hakugeuka. Alikuwa ameshika magoti yake.

Na mimi, pale pale, nikamsikia Mzee Salehe. Simaanishi kwa masikio. Nilikumbuka tu. Sauti haina mahali pa kukaa. Inatangatanga chumbani.

Nikazima. Naeleza hapa polepole, maana ninyi ni mafundi. Siku ile ya kaseti Chacha alikaa katikati, mbele ya redio yenye maiki mbili, kushoto na kulia. Sauti yake iliingia sawasawa pande zote mbili. Mbuzi, watoto na watu wa pembeni waliingia upande mmoja zaidi. Sasa redio ya dukani iliyotumika kuhamisha, naamini kichwa chake cha kaseti kiliwahi kubadilishwa, na waya za upande mmoja zikafungwa kinyume. Hizo waya ni ndogo kama nywele na nyingi ni za rangi moja. Aliyezifunga simjui na simlaumu. Toka hapo upande mmoja wa sauti unasukuma wakati wa pili unavuta. Simu ina spika moja, inazichanganya pande zote mbili. Zikiwa sawa na zinapingana, zinauana. Kilichokuwa katikati kinakufa. Cha pembeni kinabaki. Ndiyo maana simu iliwabakiza wote ikamwondoa yeye. Kwenye spika mbili hafi, ila anakosa pa kukaa.

Dawa yake ni kugeuza waya za spika moja.

Nilisimama nikasema nataka kugeuza waya. Mzee Magige akainua macho.

"Fundi, unataka kumtengeneza marehemu?"

Baadhi wakacheka, kicheko cha woga. Lakini alikuwa na haki. Mtu akileta mashine, akaona haijasema anachotaka aliyemwita, akaanza kuichezea, hata mimi ningeuliza.

"Mzee," nikasema, "mimi sitagusa. Njoo uguse wewe. Nitakuonyesha waya mbili, utazihamisha kwa mkono wako. Ukiona ni ujanja, chomoa kila kitu, na mimi nitarudi Tarime."

Mzee Magige aliitazama spika. Akasimama. Akapiga goti nyuma ya spika ya kushoto, karibu na kile kiti. Nikamwambia nyekundu aitoe aiweke penye nyeusi, na nyeusi penye nyekundu. Vidole vyake vilikuwa vikubwa kwa kazi ile. Bibi Ghati akasema kutoka kwenye kona yake, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Shemeji, mwambie kwanza."

Magige alisogea karibu. Kisha akasema kwa Kikurya, uso wake kwenye spika, "Kaka, ni mimi. Nageuza waya."

Akageuza. Nikawasha tangu mwanzo.

Safari hii wale mbuzi na kengele zilibaki kule pembeni. Na pale pa kimya Mzee Chacha akakaa kwenye kiti.

Sina njia nyingine ya kulisema. Sauti ilitoka katikati, penye kiti kitupu, kimo cha mtu aliyekaa. Nzito, ya kifua, ina mkwaruzo wa mvuta tumbaku. Alipovuta pumzi tulisikia pumzi. Mzee mmoja mbele yangu aliitikia "Eee!" pamoja na wale wa kwenye kaseti, kisha akaziba mdomo. Nadhani sauti mojawapo kule ndani ilikuwa yake.

Alisema ng'ombe hawa anawatoa kwa nyumba ya Ghati. Akasema mke atakayeletwa kwa ng'ombe hawa ni wa Ghati, na Ghati asisumbuliwe. Akatania kuhusu dume moja lenye pembe iliyopinda, ndipo watu walipocheka. Kisha akashusha sauti.

"Magige hayupo hapa. Sikumuuliza. Nilipaswa kumuuliza na sikumuuliza, niliogopa atakataa. Akikasirika ana haki, msimwite mwongo. Lakini nasema hivi mbele yenu. Watoto watakaozaliwa..."

Umeme ukakatika.

Wote tuliona. Balbu ya ukutani ilizimika, taa ndogo ya uso wa ampilifaya ikaanza kufa. Huko nje mashine ya kusaga ya jirani ikanyamaza.

"...ni wa nyumba hii," Mzee Chacha akasema. Akavuta pumzi. "Nyumba yangu isifungwe."

Na sauti ikazama.

Mnajua ninachojua. Simu ina betri yake, ilikuwa inaendelea. Kapasita zilikuwa kubwa na nilikuwa nimezijaza vizuri. Maneno mawili, matatu, hilo linaelezeka. Haya yalikuwa zaidi, na ile pumzi katikati. Huenda hofu iliyarefusha masikioni mwangu. Huenda umeme haukuondoka wote kwa mara moja, kwetu huwa unaondoka kwa kusitasita. Nimeligeuza jambo hili kichwani mara nyingi na kila mara naishia kusema sijui. Nilianza kuwaeleza wazee habari za kapasita pale pale.

"Mura," mzee mmoja akaniambia taratibu, kama anayemwita kijana wake, "nyamaza kidogo."

Nikanyamaza.

Magige alikuwa bado amepiga goti kando ya kiti. Hakuinuka.

"Amesema hakuniuliza," akasema.

"Amesema," wakajibu.

"Miaka yote hii nasema hakuniuliza, mnaniita mwongo. Hata wewe, shemeji."

"Hata mimi," Bibi Ghati akasema. "Nilidhani unatafuta njia. Ulikuwa unasema kweli. Na yeye naye amesema kweli."

Magige akaweka kiganja chake juu ya kiti, akakiacha hapo, kama mtu anayepima iwapo bado pana moto.

"Pana joto," akasema.

Ampilifaya ilikuwa karibu, na zile za zamani zinachemka. Sikusema. Hapo nilikuwa nimeshajifunza.

Kisha akainuka, akapangusa magoti yake, akamtazama Robi na wale watoto. "Bakini kwenu," akasema. "Nilichotaka nimeshapewa." Akatoka akasimama kwenye migomba peke yake, na hakuna aliyemfuata, kwa heshima. Umeme uliporudi mtu mmoja alishauri tusikilize tena kuhakikisha. Bibi alikataa. Alisema mtu mzima akishasema haombwi kurudia.

Wakati nakusanya vyombo nilimweleza Bibi Ghati kwamba nitarudisha waya za spika ya kushoto zilivyokuwa, kwa sababu zikibaki hivyo nyimbo nyingine zote zitakosa kifua, waimbaji watatangatanga chumbani.

"Akipigwa yeye?"

"Akipigwa yeye, atakaa katikati."

"Basi hakuna nyimbo nyingine," akasema. "Acha hivyo. Huo waya ameufunga Magige."

Nikaacha. Katika kazi zangu zote, hiyo ndiyo niliyoiondokea ikiwa imefungwa kinyume huku nikijua. Mzee Salehe angenigombeza, au labda asingenigombeza, sijui. Tangu siku ile mkono wangu wa kulia umeanza kutetemeka na macho hayaoni tena rangi za waya ndogo, ni uzee tu, na ndiyo maana kibanda sasa ni chenu.

Robi hunipigia wakati mwingine kunijulia hali. Anasema watoto wanakua, na Magige huja siku moja moja mchana, anakaa benchi la mbele, wanamwashia. Hasikilizi yote. Husikiliza mpaka pale pa jina lake, kisha huaga.

Basi kijana, iko siku utaitwa Nyamwaga kwenye mji wa migomba, utakuta ampilifaya ya uso wa fedha na kiti katikati ya spika. Utaitoa betri yako ya tochi uzipime, kwa sababu nimekufundisha. Utaona ya kulia inatoka na ya kushoto inaingia. Utasema fundi gani huyu aliyefunga hivi, na mkono wako utakwenda wenyewe kwenye bisibisi.

Usiguse. Na kabla ya kutoka, mwambie unaondoka.